MWENYE KUPIMA ASILE KATIKA MIZANI



Nimetakiwa niseme machache juu ya jambo ambalo ukilisikia hudhani ni la polisi na mahakimu peke yao, ilhali kwa hakika ni la kila mwenye kulipa kodi. Jambo lenyewe ni hili: askari anayetumwa kuirejesha mali iliyochumwa kwa uhalifu, nani amlishe? Mimi si mwanasheria. Nimesoma chuoni, kisha nikakaa dukani, na kazi yangu ni kupima na kuandika daftari. Basi nitalitazama jambo hili kwa jicho la mwenye duka.

Kila mwenye duka hukopesha, na kila mwenye kukopesha hufika siku akatafuta mtu wa kumkusanyia madeni yake. Mtu huyo hulipwa kwa njia moja katika mbili. Ya kwanza ni kumpa mshahara wa mwezi, apate asipate. Ya pili ni kumwambia: katika kila shilingi utakayoileta, senti ishirini ni zako. Njia hii ya pili hupendeza sana, kwani mwenye duka haoni kitu kikitoka mfukoni mwake. Lakini mtazameni mkusanyaji huyo anabisha hodi mlango gani. Haendi kwa tajiri mwenye deni la maelfu, kwani tajiri ana wakili, na shauri lake litachukua miaka. Huenda kwa mjane mwenye deni la vibaba viwili vya mchele, kwani mjane hana wa kumtetea, na senti zake hupatikana siku ile ile. Mwisho wa mwezi daftari huonyesha kuwa kazi imefanyika, ilhali deni kubwa limelala pale pale.

Sasa tuvuke bahari tuwatazame wenzetu waliolijaribu jambo hili kwa upeo mkubwa. Uingereza ilitunga sheria ya mapato ya uhalifu mwaka 2002, na mwaka 2003 ikaanzisha idara maalumu ya kurejesha mali hizo. Mwaka 2004 vikaundwa vikosi vya majimbo, ndani yake wakakaa pamoja maofisa wa polisi, wa forodha na wa kodi, pamoja na wanasheria wa mashitaka, na fedha za kuviendesha zikatoka serikalini. Matumaini yalikuwa kwamba idara ile kwa muda mfupi itajilisha yenyewe. Mwaka 2007 wakaguzi wa hesabu za taifa walifungua daftari, wakakuta idara imetumia pauni milioni 65 na kurejesha pauni milioni 23. Mwaka 2008 idara ikavunjwa, na kazi yake ikatiwa katika chombo kingine.

Mtu wa haraka atasema: khasara tupu! Mimi sisemi hivyo. Apandaye mkarafuu hangoji kuchuma mwaka ujao. Mhalifu mkubwa huandikisha nyumba kwa jina la mkewe, huhamisha fedha nchi za ng'ambo, na hukata rufaa kila anapopata nafasi. Kumfuata mtu wa namna hiyo kwahitaji wahasibu hodari, subira, na mshahara usiokatika. Kosa halikuwa kutumia fedha. Kosa lilikuwa kuwaahidi watu kwamba haki itajilipia gharama zake yenyewe, na mapema.

Kisha ukaja mpango wa pili. Tangu mwaka 2006, fedha zinazopatikana Uingereza zikawa zinagawanywa: nusu kwa wizara ya mambo ya ndani, na nusu kwa wenye kuifanya kazi. Kwa mali zinazochukuliwa kwa amri ya mahakama ya jinai, mgao uliozoeleka ulikuwa 18.75 katika mia kwa wapelelezi, kiasi hicho hicho kwa waendesha mashitaka, na 12.5 kwa mahakama. Wanaoutetea husema kwamba mgao huu huwapa watu moyo wa kazi, na si haki kulidharau neno lao. Lakini mwaka 2013 wakaguzi walirudi tena, wakaona kuwa katika kila pauni 100 za uhalifu zilizokadiriwa, serikali haikupata hata nusu pauni. Sidai kwamba mgao ndio uliosababisha uchache huo. Nasema tu kwamba ahadi ya fungu haikuwatoa papa shimoni.

Marekani walikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1984 iliviwezesha vyombo vya polisi kubakisha mali vilizokamata, na polisi wa miji waliofanya kazi pamoja na serikali kuu waliweza kupewa hadi 80 katika mia. Tena mara nyingi hushitakiwa gari au fedha, wala si mtu, na mwenyewe huweza kunyang'anywa bila ya kuhukumiwa kwa kosa lolote. Katika jimbo la Indiana, bwana Tyson Timbs alikiri kosa la kuuza heroini, ambalo faini yake ya juu ilikuwa dola 10,000. Jimbo likalitaka gari lake alilolinunua kwa dola 42,000 hivi, fedha alizozipata kwa bima ya maisha ya marehemu babake. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2019 majaji wote kwa kauli moja wakasema kwamba majimbo nayo yamefungwa na katazo la faini za kupita kiasi. Jimbo la New Mexico lilikwisha kutanabahi mwaka 2015: likataka mtu ahukumiwe kwanza, na fedha ziingie katika hazina ya jimbo, si katika mfuko wa polisi.

Na Ireland je? Huko, baada ya mwandishi wa khabari Veronica Guerin kuuawa kwa risasi mwezi wa Juni 1996, serikali iliunda mwaka ule ule ofisi ya mali za wahalifu, ikawakalisha chumba kimoja polisi, watu wa kodi na watu wa misaada ya jamii. Ofisi hiyo hupata matumizi yake kutoka serikalini, na inachokirejesha hukipeleka hazina kuu. Anayekamata hali alichokikamata.

Ndugu zangu, haya si mambo ya mbali. Tanzania ilitunga sheria ya mapato ya uhalifu mwaka 1991. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2009. Na mwaka huo huo Kenya ilitunga sheria iliyoanzisha wakala wa kurejesha mali pamoja na mfuko wake. Mlango umekwisha funguliwa kwetu. Lililobaki ni kuuliza nani ameshika daftari.

Mimi naomba matatu. Kwanza, vikosi hivi vipewe fedha za kutosha kutoka hazina, zipitishwe hadharani na wajumbe tuliowachagua, tena kwa miaka kadhaa, si kwa mwezi mmoja mmoja. Pili, kinachorejeshwa kiwafikie kwanza waliodhulumiwa, na kinachobaki kiingie hazina ya wote, na hesabu yake itangazwe. Tatu, kazi yao isipimwe kwa wingi wa vitu walivyovikamata, bali kwa ukubwa wa wezi waliowafikia.

Askari mwenye njaa akitumwa kutafuta mali, ataipata. Ila huenda ikawa mali yako wewe usiye na kosa. Basi tumlipe mshahara wake kamili, tena mapema, ili siku atakapobisha hodi tujue ametumwa na sheria, wala hakutumwa na tumbo.