Programu ya bure ya kulinda ordinatere ya nyumbani: tuchague ipi?

Mazungumzo mbele ya wanachama, Baraka

Komite ilituomba tuzungumze juu ya ulinzi wa ordinatere. Tunasema ordinatere juu tuko Fizi. Waliotoka Nyarugusu wanasema kompyuta. Ni kitu kimoja, hatutagombana sababu ya jina.

Tangu tumeanza kupita ku manyumba, tunaona kitu kimoja. Jamaa nyingi zimeweka karatasi zao zote ndani ya mashini moja: picha ya atestasiyo ya kuzaliwa, biletini za watoto waliosoma kule kambini, barua ya kiwanja iliyotiwa saini mbele ya shefu, karatasi ya kurudi. Na karatasi yenyewe mara nyingi haiko tena. Ilinyeshewa, ililiwa na mchwa, ao ilibaki njiani. Kwa hiyo ile picha ndani ya mashini njo karatasi yenyewe sasa. Ikipotea, kesi ya kiwanja inabaki maneno matupu. Wengine wanabeba pia liste za AVEC yao, na majina, namba za simu na franka za kila mutu. Mutu akikosa kulinda mashini kama hiyo, hasara haitabaki kwake peke yake.

Hapa kwetu virusi haziji sana kwa intaneti, juu intaneti yenyewe ni ya kununua mega kidogo kidogo. Zinakuja kwa flashi. Mama mmoja alipeleka flashi yake ku sekretaria kuchapisha biletini ya mtoto. Kurudi nyumbani, kila folda ikawa na kamshale kadogo pembeni, akibonyeza haifunguki vizuri. Fundi mmoja akamwambia vitu vyote vimekufa, alipe kwanza ndipo flashi isafishwe yote. Ile ingekuwa kumalizia kazi ya virusi! Vitu vyake vilikuwa mulemule ndani ya flashi, vimefichwa tu.

Tueleze kidogo namna gani, sababu mukielewa hapo hamtadanganywa tena. Zamani Windows ilikuwa inafungua yenyewe programu iliyo ndani ya flashi mara tu unapoichomeka. Virusi zikapata barabara. Mwaka 2011 Microsoft ilifunga mlango ule hata kwa mashini za zamani zilizopokea masahihisho yake. Basi watengenezaji wa virusi wakabadilisha akili: kama mashini haitafungua yenyewe, afungue mutu. Virusi inaficha mafolda yako ya kweli, kisha inaweka mengine ya uongo yenye jina lilelile na ule mshale. Ukibonyeza, wewe mwenyewe umeiingiza.

Dawa yake ni hii. Kwanza programu ya ulinzi ipitie flashi na kuua virusi. Hiyo iwe ya kwanza, si ya pili. Kisha fungua dirisha jeusi la amri, lile linaitwa cmd, uandike: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* na F iwe ile herufi ambayo mashini yako imepatia flashi. Mafolda yatatokea tena. Mara nyingine yanakuwa yamewekwa ndani ya folda moja isiyokuwa na jina; ifungue, usiogope. Zile za mshale uzifute. Hakuna wa kulipwa hapo.

Sasa tuingie ku swali lenyewe: programu gani? Neno «bure» lina watoto wengi na hawafanani. Kuna bure ya siku 30, kisha inaanza kukuomba kadi ya benki, na sisi wengi kadi hatuna. Hiyo si bure, ni kionjo. Kuna bure ya kuiba, wanasemaka «krake»: mutu anakuuzia ku marshe antivirusi ya kulipa iliyovunjwa kufuli. Tunawaomba sana, hiyo hapana. Yule aliyevunja kufuli anakuambia uzime kwanza ulinzi wa mashini ndipo programu yake ikubali kuingia. Mwizi gani mwingine anakuombaka ufunguo kwa heshima vile?

Kuna pia bure ya kampuni, ya kweli, isiyokuwa na mwisho: Avast, AVG, Avira, Bitdefender. Zinafanya kazi. Lakini tuangalie mambo mawili. Moja, matoleo ya bure ya Avast na AVG yanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu. Kama ile ordinatere yako mchana unaitoa ku baraza na kupigia watu fotokopi na kuandika barua kwa franka, hiyo ni biashara. Pili, kampuni inakula wapi kama haikuuzii? Avast ilikuwa na kampuni ndogo jina Jumpshot, ambayo ilikuwa inauza habari za kurasa watu walizotembelea ku intaneti. Mambo yalipojulikana, mwanzoni mwa mwaka 2020, Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16,5. Mlinzi wa nyumba alikuwa anauza habari za nyumba. Hatusemi leo wanafanya vile tena. Tunasema ukiweka programu ya bure, usibonyeze «ndiyo, ndiyo, ndiyo» bila kusoma kile unachokubali.

Na kuna bure ya wazi, ambayo kila mutu anaweza kuona imeandikwa namna gani. ClamWin ni ya jamaa hiyo, inatumia ClamAV ndani yake. Ni nzuri kwa kupitia flashi. Lakini hailali mlangoni: inatafuta pale unapoituma tu, haizuii kitu wakati kinaingia. Kuitegemea peke yake ni kama kufagia nyumba wakati mlango uko wazi.

Basi sisi tunachagua nini? Ku mashini nyingi tulizopita ndani, jibu lilikuwa tayari mulemule na mwenyewe hajui. Windows 10 na 11 zina ulinzi wao, Microsoft Defender, na haulipwi. Maabara za kupima antivirusi, kama AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck kule Austria, wanaipima pamoja na zile za kulipa na haionyeshi haya. Fungua «Sécurité Windows», angalia kama alama iko ya kijani. Ikiwa imezimwa, uliza nani aliizima. Mara nyingi utakuta kuna antivirusi nyingine ya zamani iliyokuja na mashini, siku zake zilikwisha na imebaki kukaa mlangoni kama askari aliyelala. Itoe, kisha uhakikishe Defender imeamka. Na musiweke mbili zote za kulinda mlango kwa wakati mmoja. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe, mashini inakuwa nzito kama imebeba mchanga.

Lakini Defender iko na udhaifu mmoja, na kwetu ule udhaifu ni mkubwa. Sehemu ya akili yake iko ku intaneti: ikiona kitu haijui, inauliza kule. Bila konekisiyo inaona vichache zaidi. Kwa hiyo yule anayesema «mimi siingiaka ku intaneti, niko salama», na flashi ya mutoto inaenda shuleni na kurudi kila siku, huyo hayuko salama hata kidogo.

Namna ya kusaidia iko. Microsoft inatoa fishiye moja ya kusasisha Defender bila intaneti, jina lake mpam-fe.exe. Inapatikana ku tovuti yake yenyewe, na inapita mega 100, kwa hiyo si ya kila nyumba kununua. Mutu mmoja anaichukua pale konekisiyo iko nzuri, inawekwa ku flashi safi, inazunguka nyumba kwa nyumba, unaibonyeza mara mbili na imekwisha. Muangalie tu kama mashini ni ya biti 32 ao 64, juu kila moja ina yake. Kila wiki ingekuwa vizuri. Mara mbili kwa mwezi ni afadhali kuliko kamwe. Kartye moja inaweza kuchangia mega hizo kwa franka kidogo sana, namna tunachangiana kwa msiba.

Windows yenyewe nayo inazeeka. Windows 7 Microsoft iliiacha tarehe 14 Januari 2020, Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuacha maana yake matundu mapya hayazibwi tena kwa kawaida. Defender ya Windows 10 itaendelea kupokea majina ya virusi mpya mpaka Oktoba 2028, lakini kujua sura ya mwizi si sawa na kuwa na ukuta mzima. Munakumbuka WannaCry ya mwezi wa tano 2017? Ilifunga mashini katika inchi zaidi ya 150, hata za hospitali kule Uingereza, na ikaomba feza. Dawa ya tundu lile Microsoft ilikuwa imeitoa mwezi wa tatu, miezi miwili mbele. Walioumia ni wale hawakuiweka.

Mashini nyingi tunazoletewa ni za mkono wa pili, haziwezi kubeba Windows 11. Kwa hizo tunapendekeza Linux Mint ao Ubuntu. Ni bure, ni halali, zina Kifaransa ndani, na virusi za flashi za Windows haziwezi kukaa mule. LibreOffice inafungua barua zenu za Word, ingawa mara zingine mistari inahama kidogo. Wazee watalalamika wiki mbili, vijana siku mbili. Onyo moja: virusi ya Windows inaweza kulala ndani ya flashi bila kukusumbua, ukaipeleka kwa jirani. Hapo umekuwa dereva wake.

Kuna maneno ambayo programu yoyote haitafanya. Karatasi za maana zikae mahali tatu: ku mashini, ku flashi moja ambayo haitoki nyumbani kamwe, na kwa mutu munayemwamini anayekaa mbali, ku Uvira kwa mfano. Ya kwenda sekretaria iwe flashi nyingine, yenye ile fishiye moja tu ya kuchapa. Na liste za wanachama, yaani majina, kartye walikotoka, nani amerudi lini, hizo zisisafiri na flashi hata siku moja. Munajua wenyewe kwa nini. Katika inchi yetu liste imeshaleta mambo. Mwandishi wa kikundi aziweke chini ya neno la siri, na lile neno lisiwe jina la mutoto wake wa kwanza.

Jumamosi kuanzia saa tatu tutakuwa ku biro ya komite na ile fishiye ya wiki hii, na flashi ya Linux Mint kwa wanaotaka kujaribu kwanza bila kugusa kitu ndani ya mashini. Leteni mashini na waya yake ya umeme, sababu panneau ya jua iko moja na bateri zenu tunazijua. Flashi zote zitapita kwanza ku mashini yetu ya kupima. Hata ya prezida.