Kwenda Kununua Vitu Kitengela na Rafiki
(Mazungumzo kwa vikundi vya akiba)



Mwezi wa Januari, matatu za kutoka Kajiado mjini kwenda Kitengela hujaa wazazi. Ni mwendo wa kama kilomita 50 kupitia Isinya, na wengi hawasafiri peke yao. Mama humwita jirani, jirani naye ana sare za kununua, safari inakuwa nyepesi. Jioni wakirudi, sare zipo, lakini zipo pia sufuria mbili, pazia, na viatu vya mtoto ambaye bado anatambaa. Pesa za karo zimeguswa.

Lawama huwaendea wenye maduka. Wao wana yao, lakini muuzaji hana nguvu kama za rafiki aliyesimama kando. Muuzaji akisema, "Chukua mama, hii ni bei ya leo," mnunuzi hucheka na kupita. Rafiki akisema maneno yale yale, miguu inagoma. Kukataa mbele yake huonekana kama kutangaza umaskini. Tena nauli imeshalipwa, na kurudi na mfuko mmoja mdogo huonekana hasara.

Ujanja mkubwa zaidi ni bei ya wawili. Chukua mfano wa pazia linalouzwa shilingi 1,200. Rafiki analitaka. Muuzaji anasema yakiwa mawili atayatoa kwa 2,000. Rafiki anageuka: "Dada, chukua na wewe tupunguziwe." Ndani ya matatu wawili hao watasimulia jinsi walivyookoa 400. Kweli ni kwamba mmoja ameokoa 200, na mwenzake, ambaye madirisha yake yana mapazia, ametumia 1,000 ambazo hazikuwa na safari hiyo. Hakuna aliyemdanganya. Rafiki alikuwa anatafuta nafuu yake tu, na pengine hata hakujua kwamba mwenzake amebeba pesa za shule.

Zamani fundo la leso lilikuwa na mwisho. Likiisha, ununuzi umeisha. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fundo limehamia kwenye simu, na tangu Fuliza ije mwaka 2019, hata simu ikiisha bado inaendelea kulipa. Deni hilo lina ada ya asilimia 1 mwanzoni, kisha tozo za siku. Lakini kinachoumiza nyumba nyingi ni kwamba pesa yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa deni kwanza. Mjomba akituma 3,000 za karo Jumatatu, pazia la Jumamosi hujilipa kabla ya mwalimu. Mtoto anayerudishwa nyumbani hajui habari za pazia.

Katika kaunti hii akiba haipotei kwa karo pekee. Ukame uliomalizika mwaka 2023 uliua mifugo mingi sana Kajiado. Wakati kama huo, mwenye akiba hununua nyasi, asiye nayo huuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa.

Ajabu ni kwamba watu hao hao, wakiwa kwenye kikundi, ni wakali. Sanduku la akiba lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayechelewa kuleta mchango hupigwa faini bila kuonewa haya. Ukali huo huachwa stejini. Hakuna sababu usipande matatu pamoja nao.

Karo ilipwe kwanza, asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani. Shule nyingi hupokea kwa benki au kwa simu. Wakiwa njiani, kila mmoja amwambie mwenzake kwa sauti anakwenda kununua nini na kwa kiasi gani. Mtu aliyesikia "sare mbili na soksi, 3,500" hawezi tena kusema "chukua na wewe" bila kujisikia. Anayetaka kufunga mlango wa deni kabisa anaweza kujiondoa kwenye Fuliza kupitia *234#, mradi hadaiwi.

Neno la kukataa nalo lina maana. "Sina pesa" ni jibu baya, kwa sababu rafiki mwema atasema, "Nitakuongezea," na sasa kuna madeni mawili. "Nitamuuliza baba watoto" hudumu dakika moja tu. Lililo imara ni la kweli: "Pesa ziko, lakini zina kazi yake." Hapo hakuna umaskini uliotangazwa wala mkopo unaoweza kutolewa.

Kwenda peke yake si dawa. Rafiki ndiye anayeona mshono uliolegea, anayeshika mizigo stejini mwenzake akitafuta gari, anayekumbuka duka lililouza bei nafuu mwaka jana. Msaada huo ni wa thamani, na unatosha. Akiombwa mapema, atauliza pia swali ambalo muuzaji hawezi kuuliza: "Hiki nacho kitawekwa wapi?"

Na kuhusu bei ya wawili, Kitengela ya Januari haikosi mtu wa tatu anayetafuta pazia. Rafiki amwite huyo.