Matairi ya Pikapu Yetu

Wazee wetu, ndugu zangu wa nyumbani, mhasibu akisimama mnajua anaomba fedha. Leo ni za matairi manne ya pikapu inayovuta tela la maji. Lita 1,000 ni kilo 1,000, tela lenyewe bado, na sehemu ya uzito huo hulalia matairi ya nyuma ya gari.

Wapo waliopendekeza mtumba. Someni ubavuni: DOT ikiishia 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Limezeeka, hata kama si kipara. Kisha namba ya mzigo: 100 hubeba kilo 800 kwa tairi moja, 112 kilo 1,120, na yote huingia rimu ile ile. Hilo la 100, hata kwa nusu bei, sisaini. Bahasha zipo kwa mweka hazina, pale mlangoni.