Leopards wa 1974, Leopards wa 2024: Kumbukumbu za Vijana wa Vizazi Vitatu Komanda



Hapa Komanda, barabara ya Bunia inapokutana na zile za Mambasa na Beni, lalamiko moja halikosekani: vijana wa leo hawajui kitu. Leo nalipinga. Wanajua, ila wanayoyajua ni ya miaka mingine.

Tuanze na mpira. Mtajie Leopards, timu yetu ya taifa, mzee aliyekuwa kijana mwaka 1974, atakutajia Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 kule Misri, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikatwaa Kombe la Afrika. Kipigo cha 9-0 kutoka kwa Yugoslavia, miezi michache baadaye katika Kombe la Dunia, atakitaja kwa sauti ya chini. Kwake kumbukumbu hiyo inakwenda pamoja na vazi la abakosti, kazi za pamoja za salongo, na pigano la ndondi la Ali na Foreman mjini Kinshasa mwaka huohuo.

Mtajie kijana wa miaka 20 Leopards haohao, atafunika mdomo kwa kiganja kimoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono wa pili kwenye panja. Ndivyo wachezaji walivyosimama wimbo wa taifa ulipopigwa Abidjan tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, ili dunia iyaone mauaji ya mashariki mwa Kongo. Mzee anakumbuka timu iliyoipa nchi sifa. Kijana anakumbuka timu iliyomsemea.

Katikati yao wapo waliokuwa vijana kati ya 1999 na 2003. Waulize habari za ujana wao, wengi watakueleza vita vya hapa Ituri: nani alikimbilia wapi, Bunia ilivyokuwa Mei 2003, askari wa Ulaya wa operesheni Artemis walivyoingia mwezi uliofuata. Hapo ndipo mnyororo wa masimulizi ulipokatika. Shule zilifungwa, koo zikatawanyika, na aliyepaswa kusimuliwa hakuishi tena karibu na msimulizi.

Hata hivyo, lipo jina moja linalotuunganisha. Parokia yetu ya Kikatoliki inaitwa Mwenyeheri Anuarite. Kwa wazee, Anuarite ni mtawa aliyeuawa na waasi wa Simba huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Kwa waliowafuata, ni siku ya Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenyeheri Kinshasa. Kwa vijana, ni kanisa lililovamiwa na waasi wa ADF usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, watu zaidi ya 40 wakauawa mjini hapa. Wote wanataja jina lilelile, na kila mmoja anakumbuka jambo tofauti.

Basi tusigombane nani anajua zaidi. Wazazi, mnaposimulia, tajeni mwaka, mahali na majina. Kusema “zamani” hakumsaidii mtoto. Walimu wa historia, wapeni wanafunzi kazi ya kuwahoji babu na bibi zao, na majibu yaandikwe daftarini. Nanyi vijana, ulizeni sasa: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 leo amepita 80, na hao wamebaki wachache.