LAFUDHI ZA WATU NA SAFARI ZAO

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)

  

Ndugu zetu katika imani, mada hii tumeombwa kuitoa kwa sababu ambayo wengi wenu mnaifahamu. Katika msikiti mmoja, ambao hatutautaja, kijana aliyehifadhi zaidi ya juzuu 20 alisimama kuadhini. Kijana huyo amezaliwa na kulelewa bara, na amehamia mjini kwa ajili ya kazi. Alipomaliza, wakawepo waliocheka katika safu za nyuma, na mtu mzima mmoja akamwambia mbele za watu kwamba adhana yake ni ya shamba. Tangu siku ile hakuadhini tena, na baada ya wiki chache hakuonekana msikitini hapo. Tulipowauliza waliocheka ni herufi ipi aliyoikosea, hakuna aliyeweza kuitaja. Hawakuweza kwa sababu hawakucheka kosa. Walicheka sauti ya mtu aliyelelewa kwingine.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Liko jambo la lafudhi, yaani namna mtu anavyozungumza, na liko jambo la makhraji, yaani mahali herufi za Qur'ani zinapotoka. Hili la pili lina hukumu zake na tutalifikia. Hilo la kwanza halina hukumu yoyote ila moja, nayo ni kwamba tofauti za lugha zimetajwa katika aya ya 22 ya Suratur-Rum pamoja na tofauti za rangi, na zote zimehesabiwa kuwa ni ishara za Muumba. Tusichokubali kukicheka katika ngozi ya mtu, tunakicheka vipi katika ulimi wake?

Tuanze na kuuliza: lafudhi hutoka wapi? Mtoto huipokea kwanza kwa mama, kisha huirekebisha kwa watoto wenzake anaocheza nao. Waarabu wa Makka walilijua jambo hili kabla ya Uislamu. Walikuwa wakiwapeleka watoto wao wachanga kwa makabila ya jangwani, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilelewa na Bibi Halima katika Bani Saad. Wanahistoria wametaja kwamba miongoni mwa makusudio ya desturi hiyo ni mtoto kupata ulimi fasaha. Walijua kwamba umri una mlango wake, na mlango ukishajifunga, kuufungua ni kazi.

Mwanachuoni wa Basra, al-Jahidh, aliyefariki mwaka 255 Hijria, amelieleza jambo hili katika kitabu chake al-Bayan wat-Tabyin kwa namna ambayo sisi, tulipokisoma mara ya kwanza masomoni, tulistaajabu. Basra ulikuwa mji wa wahamiaji. Ulijengwa kuwa kambi ya askari katika zama za Umar (r.a.), kisha wakamiminika humo Waajemi, Wanabati, watu wa Sindi na watu wa pwani zetu pia. Al-Jahidh alikaa akiwasikiliza. Akaona kwamba mtu wa Sindi akiletwa hali ya kuwa ni mtu mzima, hana njia ila kuigeuza jimu kuwa zai, hata kama ataishi miaka 50 katikati ya makabila yaliyo fasaha kupita yote. Akaona vilevile kwamba Mnabati huigeuza zai kuwa sini, na ain kuwa hamza. Hakusema kuwa watu hawa ni wajinga, wala hakusema kuwa ni wavivu. Alisema kwamba ndimi zao zilikwisha kuzoea kwao kabla hawajafika.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mtaalamu wa lugha wa Kanada, J. K. Chambers, alichapisha mwaka 1992 utafiti juu ya watoto na vijana wa Kikanada ambao familia zao zilihamia kusini mwa Uingereza. Naye alikuta kwamba wadogo waliichukua lafudhi ya huko kwa wepesi, na wakubwa walibaki nusu njia. Wala mtu mzima habaki kama jiwe. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa watu 11 waliokaa pamoja majira ya baridi katika kituo cha utafiti cha Waingereza huko Antaktika. Sauti zao zilirekodiwa mara kadhaa, na ikaonekana kwamba ndani ya miezi hiyo michache baadhi ya irabu zao zilianza kubadilika. Walikuwa watu wazima, na hapakuwa na aliyekusudia kubadilika. Kukaa pamoja na kuzungumza pamoja kulitosha.

Basi tuje kwetu. Lugha yetu hii imesafiri kuliko wengi wetu tunavyodhani, na kila ilipofika ilichukua kitu. Mtu wa Mombasa husema mtele, ndia na mato, pale ambapo mtu wa Unguja husema mchele, njia na macho. Mtu wa Mombasa hulitenga paa la nyumba na paa mnyama wa porini kwa pumzi inayotoka baada ya herufi ya kwanza, na wengi waliojifunzia Kiswahili bara hawaisikii tofauti hiyo hata ukiwarudilia mara tatu. Je, ni wao wasiojua lugha, au ni sikio ambalo halikupewa jambo hilo utotoni? Vivyo hivyo kwa la na ra, ambazo ndizo huchekwa zaidi. Kigikuyu kina ra na hakina la. Kisukuma kina la na hakina ra. Mtoto aliyekulia katika mojawapo ya lugha hizo huzisikia herufi hizo mbili kuwa ni moja, kama sisi watu wa pwani tunavyozisikia baadhi ya herufi za Kiarabu kuwa ni moja. Jambo hili likumbukwe, kwani tutalirudia.

Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 iliipeleka lugha hadi mashariki ya Kongo. Kisha, baada ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanzishwa Katanga mwaka 1906, wafanyakazi wakakusanywa kutoka nchi na makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Watoto wao wakazaliwa humo. Leo mtu wa Lubumbashi akisema batu kwa maana ya watu, hakosei Kiswahili cha kwao. Anazungumza Kiswahili alichozaliwa nacho, kama mzee wa Makunduchi anavyozungumza chake. Tumewasikia Waislamu wa pwani wakiwaiga ndugu zetu hawa kwa mzaha katika shughuli za ndoa. Mzaha huo haupendezi.

Na wako waliosafiri upande wa pili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka Unguja, Pemba na bara zikaenda Oman. Huku walikuwa wakiitwa Wamanga. Walipofika kule, wakaitwa Wazanzibari, kwa kuwa nyumbani walizungumza Kiswahili, na Kiarabu chao kilikuwa na sauti ya pwani ya Afrika. Mtu yule yule, mgeni huku kwa nasaba yake na mgeni kule kwa ulimi wake! Atakayecheka lafudhi ya mhamiaji na ajiulize watoto wake wataitwaje watakapohama.

Itasemwa: lakini kipo Kiswahili sanifu, na anayetoka nje yake amekosea. Tunajibu kwamba usanifu ulitokana na uamuzi wa watu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 katika zama za ukoloni ndio uliochagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa vitabu vya shule, na kamati ya lugha ya nchi nne ikaanza kazi mwaka 1930. Manufaa yake hatuyakanushi, kwani hata sisi mada hii tumeiandaa kwa Kiswahili hicho ili ndugu wa Kigoma na ndugu wa Lamu waifahamu pamoja. Lakini Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, hakungoja ruhusa ya kamati ili kuwazindua Waislamu. Na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mtu wa Unguja, alihamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu huko. Tafsiri yake ya Qur'ani, iliyotoka mwaka 1969, ilisomwa na watu wa lahaja zote. Elimu haikuzuiwa na lafudhi ya huyu wala ya yule.

Katika hoja za kuwatetea wenye lafudhi ngeni, wako wanaoleta kisa kwamba Bilal (r.a.) alikuwa akiisoma shini kuwa sini, na kwamba sini yake ilikubaliwa mbinguni kuwa ni shini. Kisa hiki kinapendwa sana katika hotuba zetu. Tunalazimika kusema kwamba hakina asili. Ibn Kathir amekikanusha, na akasema kuwa Bilal alikuwa miongoni mwa watu fasaha. Nalo halishangazi kwa aliyefuata maneno yetu ya mwanzo, kwani wanahistoria wametaja kwamba Bilal alizaliwa huko huko Arabuni. Watu walimsikia Mhabeshi kwa macho yao, si kwa masikio.

Mwenye kutaka mfano uliothibiti na amtazame Suhaib ar-Rumi (r.a.). Huyu asili yake ni Mwarabu, lakini alitekwa na Warumi akiwa mtoto, akakulia kwao, na aliporudi Arabuni ulimi wake ulikuwa na lafudhi ya Kirumi iliyojulikana na kila mtu. Nasaba haikumsaidia, kwa sababu lafudhi haifuati damu. Na Umar (r.a.) alipopigwa jambia, akawaachia watu sita jambo la kumchagua khalifa, ni nani aliyemwamuru awasalishe watu siku zile za mashauriano? Ni Suhaib. Nyuma yake walikuwepo Uthman na Ali (r.a.), na vigogo wa Makuraishi wenye ndimi zilizonyooka. Hatusemi kwamba Suhaib aliivunja Fatiha na ikanyamaziwa. Tunasema kwamba namna yake ya kuzungumza haikufanywa kipimo cha kumweka mbele au nyuma.

Sasa tufike kwenye makhraji, ili mtu asitoke hapa akidhani tumeruhusu kila kitu. Qur'ani ina herufi zake, nazo hazifuati mji wa msomaji. Hata tofauti zilizomo baina ya visomo, kama vile Warsh kwa watu wa Maghribi na Hafs kwetu, zimepokewa kwa mapokezi, hazikuzuliwa na lafudhi za watu. Anayesoma qalb, yaani moyo, kwa kafu nyepesi, amesema mbwa. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye kubadilisha herufi ya Fatiha kwa herufi nyingine hawi imamu wa anayeisoma sawasawa, ingawa sala yake mwenyewe inasihi ikiwa hana uwezo wa kujifunza. Kwa hiyo anayeigeuza ra ya ar-Rahman kuwa lamu, ni juu yetu kumfundisha kabla ya kumtanguliza.

Lakini hapo hapo tuwageukie waliocheka. Wangapi kati yao wanaanza Fatiha kwa haa ya mwisho wa koo, ile ile tunayosemea hapa na huko, badala ya haa ya katikati ya koo? Wangapi wanaposema iyyaka naabudu huimeza ain isisikike? Hiyo nayo ni kubadilisha herufi ndani ya Fatiha, na fakihi haulizi kama mwenye kubadilisha ni wa mjini au wa bara. Kosa la bara linasikika kwa sababu ni la wachache miongoni mwetu. La pwani halisikiki kwa sababu ni la safu nzima, na pengine la imamu mwenyewe.

Hata sisi tuliosoma kwa Kiarabu tusijitoe. Ustadhi aliyerudi kutoka Khartoum utamtambua pale qafu yake inapoelekea kwenye ghaini. Aliyerudi kutoka Cairo, jimu yake imekuwa ga. Hayo ni ya barazani na hayana ubaya, maadamu yakiachwa nje ya kibla.

Katika darasa zetu tumeona njia inayofaa ni kuanza na sikio kabla ya ulimi. Mwanafunzi asiyeitenga ra na lamu hatumwamuru kuitamka; kwanza mwalimu husema maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi hiyo peke yake, naye huinua mkono anaposikia ra. Akishazipambanua ndipo huambiwa atamke dali kwa haraka na kwa wepesi, ncha ya ulimi ikigusa juu ya meno, mpaka ra ichomoze. Watoto huipata mapema. Watu wazima huchelewa, na al-Jahidh amekwisha kutuambia kwa nini, basi wasiharakishwe wala wasisomeshwe mbele ya watoto wao. Kumbukeni kwamba katika Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, anayesoma Qur'ani kwa tabu ameahidiwa ujira mara mbili. Na katika mkeka huo huo wa darasa huwakalisha wenyeji wa mjini wanaotafuta haa ya katikati ya koo, kila mmoja na herufi yake, wakisikilizana.