Tope la Solai na Picha za Ukutani

Msikilizaji, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kingo za bwawa la Patel huko Solai, si mbali na hapa Kabazi, zilipasuka. Maji na tope vilizoa nyumba na kuua zaidi ya watu 40. Baada ya msiba wa namna ile tunahesabu maiti, mifugo, ekari za mazao. Picha ya marehemu nyanya iliyokuwa ukutani haiingii katika hesabu, wala leso yake, wala daftari lenye mwandiko wa mtoto.

Mimi naona hiyo ni hasara kamili. Aliyefiwa hushika kitu. Utamkuta mama amehifadhi sweta la mwanawe kwenye mfuko wa nailoni, hataki lifuliwe, maana harufu bado imo. Akiambiwa "jikaze, sahau", tunamdhulumu.

Kuna jambo jingine. Kifo kinaposajiliwa, kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini. Kwa mzee ambaye hakupenda kupigwa picha, ile ndogo ya kitambulisho huenda ndiyo pekee iliyopo, na wengi huikumbuka wakati wa kutafuta ya kuweka kwenye jeneza.

Basi leo jioni, piga picha ya wazee wako wakiwa hai. Rekodi sauti zao wakisimulia. Kisha nakala moja mpe ndugu anayeishi mbali, ili moto au mafuriko yasibebe zote pamoja.