Mtoto Anayejikojolea Mchana: Asipigwe, Asaidiwe

Ndugu wazazi na walezi wa Nkamira, Rubavu,

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulificha: mtoto wa shule anayejikojolea mchana. Si uvivu wala utundu. Wengi wenu mlivuka mpaka tangu 2022 mkikimbia mapigano ya Masisi na Rutshuru. Mtoto aliyesikia risasi aweza kuanza kujikojolea ingawa alikwisha acha. Mwingine anaogopa choo cha kambi: kiko mbali, shimo ni refu, watu wamepanga foleni. Basi hubana mkojo mpaka unamtoka. Aliyefunga choo naye hupata shida hii, kwani utumbo uliojaa hubana kibofu.

Fanyeni hivi:

1. Msimpige wala msimcheke. Hofu huzidisha tatizo.
2. Msindikizeni chooni kila baada ya saa 2 au 3, na kabla ya kwenda shule. Asiharakishwe, mkojo uishe.
3. Msimnyime maji. Maji, maharage na mboga hulainisha choo.
4. Mwambieni mwalimu faraghani, amruhusu kutoka bila kuomba mbele ya wenzake. Mpeni nguo kavu ya akiba.

Mpelekeni kituo cha afya akiumia anapokojoa, akiwa na homa, mkojo ukiwa na damu, akiwa na kiu isiyoisha, au miguu ikilegea. Na akionyesha kumwogopa mtu fulani, msikilizeni kwa upole, msimkemee.

Nguo iliyolowa huanikwa ikakauka. Mtoto aliyeaibishwa hukawia kupona.